Chaguo Hukabidhiwa, Dhamiri Haikabidhiwi

Hakuna mtu aishiye kwa kujichagulia kila kitu. Mgonjwa humwachia tabibu mwili wake, abiria humwachia nahodha roho yake, na mzazi humwachia mwalimu mtoto wake. Hata yule aliyeapa kwamba hatamtegemea binadamu yeyote, usiku hulala chini ya dari iliyojengwa na fundi asiyemjua. Basi hatuna haja ya kuuliza kama inafaa kuwaamini wenzetu, kwani maumbile yetu yamekwisha kulijibu swali hilo. Litupasalo kuuliza ni hili: Ni nani astahiliye kuachiwa chaguo letu, na ni kiasi gani cha nafsi zetu tuwezacho kumwachia?

Swali hili ni zito hasa kwa mtu atafutaye njia. Yeye hukutana na walimu wengi, na karibu kila mmoja humwambia, "Niamini mimi." Akiwakataa wote atabaki katika ujinga wake, na akimkubali kila ajaye atakuwa kama jahazi lisilo na usukani. Hapana budi awe na mizani ya kupimia.

Mara nyingi mizani hujifunzwa vizuri zaidi katika jambo dogo, kwa sababu katika jambo dogo hatuna hofu wala ushabiki wa kutuziba macho. Kwa hiyo twakualika tulichunguze swali hili kwa kuitazama desturi moja ya chakula. Nayo ni desturi ya Wajapani iitwayo omakase.

Desturi yenyewe

Katika mji wa Tokyo, na siku hizi katika miji mingine mingi mikubwa ya dunia, imo mikahawa midogo ambayo ndani yake hamna ila kaunta moja ya mbao na viti vinane au kumi. Mgeni akiketi, haletewi karatasi ya vyakula. Haulizwi anataka nini. Mbele yake, upande wa pili wa ubao, husimama fundi mwenye kisu, na pembeni pake kuna pipa la wali uliotiwa siki na sanduku la samaki waliokatwa. Fundi huchukua wali kidogo, huukandamiza kwa vidole, hupaka wasabi, yaani mzizi ule wa kijani uwashao pua, kisha huweka juu yake kipande cha samaki na kumwekea mgeni. Mgeni hula. Fundi hutengeneza kingine. Vipande hufuatana hivyo, kimoja kimoja, mpaka vifike kumi na tano au ishirini. Mpangilio wote, kipi kitangulie na kipi kifuate, u mikononi mwa fundi.

Neno omakase latokana na tendo la Kijapani makaseru, ambalo maana yake ni kukabidhi au kumwachia mtu jambo. Herufi o iliyotangulia ni ya heshima. Kwa hiyo mgeni asemaye neno hilo huwa amesema, "Nakukabidhi wewe." Ipo njia nyingine katika mikahawa ya sushi iitwayo okonomi, yaani "upendavyo," ambayo mgeni hutaja mwenyewe kila atakacho. Hivyo Wajapani wameziweka njia mbili kando kwa kando, na mtu huchagua kama atachagua au atamwachia mwingine amchagulie. Jambo hili lastahili kuangaliwa: hata kule kuacha kuchagua kulianza na uchaguzi.

Chakula chenyewe hakikuzaliwa katika anasa. Zamani sushi ilikuwa njia ya kuhifadhi samaki. Walitiwa chumvi, wakashindiliwa ndani ya wali kwa miezi mingi mpaka wakawa wachachu. Kandokando ya ziwa Biwa samaki wa namna hiyo wangali wakitengenezwa hata leo. Sushi ya kukandamizwa kwa mkono ilienea katika miaka ya mwanzo ya karne ya 19 mjini Edo, mji ambao leo ndio Tokyo, na mtu atajwaye mara nyingi kuwa mwanzilishi wake ni Hanaya Yohei. Iliuzwa katika vibanda vya njiani kwa watu wenye haraka, na vipande vyake vilikuwa vikubwa kuliko vya leo. Barafu haikuwapo, kwa hiyo mafundi walitumia akili: samaki mmoja wakamtia chumvi na siki, jodari wakamlowesha katika mchuzi wa soya, mkunga wakamchemsha. Baada ya tetemeko kubwa la ardhi la mwaka 1923 mafundi wengi wa Tokyo walitawanyika, na ufundi wao ukaenea katika miji mingine ya Japani. Katika karne hiyo hiyo vibanda viliingia ndani ya nyumba. Lakini alama moja ya kibanda ilibaki, nayo ni ule ubao ulio baina ya mpishi na mlaji bila ukuta wa jiko kuwatenga.

Makosa mawili

Juu ya jambo la kuamini, watu hukosea kwa njia mbili zilizo kinyume.

Wapo wasemao kwamba kumwachia mwingine akuchagulie ni udhaifu, na kwamba mtu huru huamua mwenyewe kila jambo. Jawabu letu ni kwamba uhuru bila maarifa haumfikishi mtu mbali. Mgeni asiyejua ni samaki gani aliyenona mwezi huu, na ni yupi aliyefaa kulazwa siku tatu ili nyama yake ilainike, akichagua mwenyewe atachagua jina alilozoea tu. Atakuwa ameitumia hiari yake kujifungia ndani ya yale ayajuayo. Kumsikiliza ajuaye ni kuipanua hiari.

Wapo pia wasemao kwamba kuamini ni kufumba macho, na kwamba mwenye kuuliza hajaamini. Hao wamekosea zaidi. Imani isiyouliza haimheshimu hata yule aaminiwaye, maana haitofautishi baina ya fundi hodari na tapeli. Wote wawili hupewa kitu kile kile kwa bei ile ile.

Haki imo katikati, na kaunta ya sushi yatufundisha namna ya kuipata. Tuzitazame alama za mtu astahiliye kukabidhiwa.

Alama za mwaminifu

Alama ya kwanza ni kwamba kazi yake i wazi. Wajapani humwita mpishi wa namna hii itamae, na maana yake ni "aliye mbele ya ubao." Mikono yake, kisu chake, kitambaa chake, na samaki mwenyewe, vyote viko mbele ya macho ya mlaji. Anayeomba aaminiwe huku akiificha kazi yake ameomba kitu asichokilipia. Kwa hiyo ukimwona mtu akikuambia, "Niachie mimi, wala usitazame," jua kwamba umekwisha kupewa sababu ya kutazama.

Alama ya pili ni kwamba alitii kabla hajaamuru. Hodari ajulikanaye sana katika kazi hii ni Jiro Ono, aliyezaliwa mwaka 1925 na kufungua mkahawa wake mwaka 1965 katika chumba cha chini ya ardhi katika mtaa wa Ginza mjini Tokyo. Mkahawa huo una viti kumi tu. Mwaka 2007 ulipewa nyota tatu na kitabu cha Michelin, kitabu cha Kifaransa kipimacho mikahawa, na mwaka 2019 uliondolewa katika kitabu hicho kwa sababu watu wa kawaida hawakuweza tena kujiandikishia nafasi wenyewe. Filamu iliyotengenezwa juu yake mwaka 2011 yaonyesha jinsi wanafunzi wake wanavyofundishwa. Mwanafunzi huanza kwa kukamua vitambaa vya moto ambavyo wageni hufutia mikono. Baada ya hapo hufundishwa kuwashika na kuwatayarisha samaki, na hupita kama miaka kumi kabla hajaruhusiwa kupika mayai. Mmoja wao alisimulia kwamba mayai yake yalikataliwa zaidi ya mara mia mbili, na siku yalipokubaliwa alilia.

Huenda mtu akaona kwamba huo ni ukali uliopita kiasi. Lakini itafakari hekima yake. Yule ambaye kesho ataambiwa na wageni, "Chagua wewe," leo ameambiwa mara mia mbili, "Bado." Madaraka ya kuchagulia watu yalimjia baada ya kujifunza kukataliwa. Je, ni wangapi katika dunia yetu watakao kuwachagulia wengine, ambao wao wenyewe hawajapata kumtii mtu hata siku moja?

Alama ya tatu ni kwamba hampi mwenziwe asichokionja. Fundi mwema huonja samaki wake kabla mlango haujafunguliwa. Akiona mmoja hakufikia daraja, humwondoa katika mpangilio wa jioni ile, ijapokuwa amekwisha kumlipia. Hasara huibeba yeye. Kwa alama hii waweza kuwapima watu wengi wenye kutoa mashauri. Mtazame mshauri kama naye anaishi kwa shauri lake, au anakugawia tu.

Alama ya nne ni kwamba humjua anayemhudumia. Fundi hutazama mgeni anatumia mkono gani, na akiona ni wa kushoto humwekea kipande kwa upande huo. Humpunguzia wali yule alaye polepole ili wote waende sawa. Hutazama uso wake baada ya kila kipande. Maana kumkabidhi mtu chaguo lako kuna faida pale tu anapochagua kwa ajili yako. Akichagua kwa ajili ya sifa zake, au kwa ajili ya kumaliza bidhaa iliyomlalia, ataendelea kuitwa fundi na watu, lakini amana ameikosa.

Alama ya tano ni kwamba naye ni mwenye kuamini. Fundi hakuvua samaki wale. Hununua sokoni, mathalan katika soko kubwa la Toyosu lililofunguliwa mwezi wa Oktoba 2018 badala ya soko la Tsukiji lililokuwapo tangu mwaka 1935. Huko yupo mfanya biashara ashughulikaye na jodari peke yake, na mwingine ajuaye kamba tu. Fundi huwaachia hao wamchagulie, nao huwategemea wavuvi, na wavuvi hutegemea bahari wasiyoiumba. Hivyo kipande kimoja unachokitia kinywani kimepita katika mikono ya waaminifu wengi, na lau mmoja wao angalidanganya, kazi yote ingaliharibika. Mtu ajuaye kwamba yeye ni pete moja tu katika mnyororo mrefu hawezi kujivuna sana.

Wajibu wa anayekabidhi

Wengi hudhani kwamba mwenye kukabidhi amekwisha kumaliza kazi yake, na kwamba kilichobaki ni kukaa na kulaumu. Sivyo. Amana ina pande mbili.

Mgeni wa kaunta hupaswa kufika kwa wakati, kwa kuwa wali hutayarishwa uwe na joto karibu sawa na la mwili wa binadamu, na wageni wote huhudumiwa pamoja. Akichelewa mmoja, huwadhulumu wote. Hupaswa kula kipande mara kinapowekwa, maana kila dakika ipitayo wali hupoa. Hupaswa asijipake manukato makali, kwani harufu yake itaziba harufu ya chakula cha jirani. Fundi akiwa amekwisha kukipaka kipande mchuzi wa soya kwa brashi, haifai mgeni kukizamisha tena katika bakuli la mchuzi. Amesema, "Nakukabidhi," basi asinyang'anye tena alichokabidhi kabla hajakionja.

Tena kuna shukrani. Kabla ya kula Mjapani husema itadakimasu, ambalo ni neno la unyenyekevu lenye maana ya "napokea." Baada ya kula husema gochisosama. Ndani ya neno hili la pili imo maana ya kukimbia huku na huku, kwa kuwa mwenyeji alihangaika kukusanya alivyomwandalia mgeni. Tazama jinsi lugha ya watu hawa inavyomlazimisha mlaji akumbuke miguu ya wengine kila ashibapo. Nasi Waswahili husema kwamba asiyeshukuru kwa kidogo hata kwa kingi hashukuru. Mtu akitoka mezani bila kukumbuka nani alihangaika, atakuwa amekula chakula na kuitupa maana yake.

Mpaka wa amana

Sasa twafika katika jambo lililo kubwa kuliko yote. Je, mgeni asemaye "nakukabidhi" amekabidhi kila kitu? La, hasha.

Mfano ulio karibu nasi ni huu. Samaki ni halali kwa Mwislamu, na mtu aweza kudhani kwamba kwenye kaunta ya sushi hana la kuuliza. Lakini katika mapishi ya Kijapani hutumika sana pombe ya mchele iitwayo sake, na nyingine iliyo tamu iitwayo mirin. Aghlabu huingia katika mchuzi wa kupaka, katika mayai, na katika supu ya kumchemshia mkunga. Mwislamu aketiye kwenye kaunta na kusema, "Mimi nimemwachia mpishi, dhambi ni yake," amejidanganya. Alichokabidhi ni uchaguzi wa samaki. Jukumu la nafsi yake hakulikabidhi, wala hakuwa na uwezo wa kulikabidhi, kwa kuwa si mali ihamishikayo. Lampasa aseme mapema, siku anapoweka nafasi, kwamba pombe haitumii hata ndani ya mchuzi. Vivyo hivyo yule ambaye mwili wake hudhurika kwa kamba au kwa chaza.

Je, kusema hivyo ni kumkosea fundi? Hata kidogo. Mikahawa mizuri ya namna hii humwuliza mgeni mapema kama kuna kitu asichokula. Fundi mwaminifu atafurahi kuelezwa, na kama hawezi kutimiza atasema wazi kwamba hawezi, na huo pia ni uaminifu. Akikasirika kwa sababu umeuliza, basi ameitaka dhamiri yako pamoja na chaguo lako, na hiyo hakuwa na haki nayo.

Uaminifu wa hiari huvunjwa mara nyingi, na hatupaswi kulificha jambo hilo. Mwaka 2013 shirika la Marekani liitwalo Oceana, lishughulikialo ulinzi wa bahari, lilitangaza matokeo ya vipimo vya vinasaba vya samaki 1,215 walionunuliwa nchini humo tangu mwaka 2010 hadi 2012. Thuluthi moja ya samaki hao waliuzwa kwa jina lisilo lao. Na katika mikahawa ya sushi iliyochunguzwa, sehemu 74 katika kila 100 ilikutwa na angalau samaki mmoja aliyepewa jina la uongo. Wengi waliouzwa kama "jodari mweupe" walikuwa samaki mwingine aitwaye eskola, ambaye mafuta yake huweza kumharisha mlaji. Walaji hao waliamini, nao wakadanganywa. Lakini fundisho lake si kwamba tuache kuamini. Fundisho ni kwamba neno "niamini" halina thamani bila zile alama tulizozitaja, na kwamba palipo na amana pawepo pia na uchunguzi. Mwaminifu haogopi mizani. Aiogopaye ni yule apunjaye.

Upo mpaka mwingine, nao ni haki ya wasiokuwapo mezani. Jodari mkubwa wa bahari ya Pasifiki apendwaye sana na walaji wa sushi alivuliwa bila kiasi, hata kufikia karibu mwaka 2010 samaki wazazi waliobaki walikuwa chini ya sehemu 5 katika kila 100 ya wale ambao wangekuwapo kama uvuvi usingalikuwapo. Kila mlaji alimwachia mpishi, mpishi alimwachia mwuzaji, mwuzaji alimwachia mvuvi, na hakuna aliyesema, "Hili ni juu yangu." Serikali zilipokubaliana kupunguza uvuvi, hasa uvuvi wa jodari wachanga, hali ilianza kurekebika, na uchunguzi uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kwamba idadi ya wazazi imepanda haraka kuliko ilivyotarajiwa. Hapa tunapata onyo na faraja pamoja. Onyo ni kwamba mnyororo ule ule wa kuaminiana, kila mtu akiutumia kukwepa jukumu lake, huwa mnyororo wa uharibifu. Faraja ni kwamba watu wakijizuia, neema hurudi.

Swali la gharama

Huenda msomaji akauliza: Kwa nini tuzungumze kwa heshima juu ya chakula ambacho bei yake yaweza kulisha jamaa nzima kwa miezi? Swali hili ni la haki, wala halifai kukwepwa. Mkahawa wa Masa mjini New York, uliofunguliwa mwaka 2004, siku hizi humtoza mtu mmoja zaidi ya dola 700 kwa mlo mmoja. Mwezi wa Januari 2019 jodari mmoja wa kilo 278 aliuzwa katika mnada wa kwanza wa mwaka katika soko la Toyosu kwa yen milioni 333.6. Bei kama hiyo haitokani na utamu peke yake. Imo ndani yake sifa, na shindano, na tangazo la biashara. Na miongoni mwa wanaoketi kwenye kaunta hizo wamo waliokwenda kula, na wamo waliokwenda wapate kusema kwamba wamefika.

Kwa upande mwingine, ni dhuluma kusema kwamba fundi aliyejifunza kwa miaka mingi, awahudumiaye watu kumi tu kwa wakati, asilipwe zaidi ya yule aliyeanza jana. Ufundi una haki yake. Wala Wajapani hawakuwanyima maskini chakula hiki. Mwaka 1958 Yoshiaki Shiraishi alifungua karibu na mji wa Osaka mkahawa ambao sahani za sushi hupita mbele ya walaji juu ya mkanda uzungukao, na kwa njia hiyo bei ilishuka hata mfanya kazi wa kawaida akamudu.

Basi tupime vipi? Sisi twaona kwamba yafaa mtu ajiulize mambo matatu kabla ya kuketi. Je, fedha hizi zina haki ya mtu ndani yake, kama mkopo usiolipwa, au mshahara wa mtumishi, au jirani mwenye njaa ambaye ninamjua kwa jina? Je, ningalikula hivi hivi kama hakuna ambaye angalijua? Na je, nikitoka hapa nitakuwa mwepesi zaidi wa kuwalisha wengine, au mzito zaidi? Ajibuye vizuri maswali haya matatu, hatuna la kumlaumu, awe amekula kwa dola 700 au kwa shilingi chache. Ashindwaye kuyajibu, hata mlo wa bei ndogo waweza kuwa israfu kwake. Twakiri kwamba mtu wa dola 700 atapata taabu zaidi katika swali la kwanza, na ni haki apate taabu hiyo. Maswali haya pia hawezi kumwachia mpishi. Mpishi hajui jirani yako ana njaa.

Hitimisho

Ndugu msomaji, pengine hutaketi kamwe kwenye kaunta ya namna hiyo. Lakini wiki hii utamwambia mtu, kwa neno au kwa kitendo, "Nakukabidhi wewe." Utamwambia tabibu, au fundi, au mwakilishi wako, au yule akufundishaye mambo ya dini. Unapofanya hivyo, mtazame. Je, kazi yake i wazi? Je, alijifunza kutii kabla ya kuamuru? Je, naye hula katika sahani anayokupa? Je, anakujua, au wewe ni mmoja tu wa wengi wa kumalizia bidhaa? Je, naye ana anayemwamini na kumwogopa, au anadhani mnyororo umeishia kwake?

Ukiziona alama hizi, usiwe bahili wa kuamini. Mwache afanye kazi yake, pokea akupacho kwa wakati wake, na ushukuru. Ukizikosa, ondoka kwa adabu. Na katika hali zote mbili kumbuka kwamba upo mzigo mmoja ambao hakuna binadamu awezaye kukupokea, nao ni kujibu kwa yale uliyoyajua kuwa ni kweli. Huo utaubeba mwenyewe, peke yako, mbele ya Yule asiyefichika jambo.

Mwenyezi Mungu atujalie kuwa watu wa kuaminika kabla hatujataka kuaminiwa, na atupe macho ya kuwatambua waaminifu wake popote walipo. Amin.